Rivolva ya kaliba kubwa kwa bei nafuu: ununue au uache? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaozungumza Kiswahili hapa Idaho, Marekani, na majimbo ya jirani: Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi walioanza kuwinda au kupiga kambi milimani, na sasa wanaulizia rivolva kubwa isiyomaliza mshahara, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo ndiyo ina vyumba vya risasi. Maswali ni yaleyale ninayoyasikia kila tukikutana renji, uwanja wa kupigia shabaha. Bei zote ni za dukani, za kukadiria, kabla ya kodi.

Kwa kifupi, inafaa kununuliwa au haifai?

Inafaa, kama unajua itafanya kazi gani na kama pesa utakayookoa itakwenda kwenye risasi na mazoezi. Haifai kama umevutwa na ukubwa wake na bei yake tu.

Kiwanda kinachouza kwa bei ya chini lazima kimepunguza gharama mahali fulani. Kikipunguza kwenye mng'aro wa chuma, mpini, vilengeo au ulaini wa kifyatulio, hujapoteza kitu kikubwa, kwa sababu mpini unabadilishwa na kifyatulio hulainika kwa matumizi. Kikipunguza kwenye namna silinda inavyojipanga na mtutu na namna inavyojifunga, hapo umenunua tatizo. Na rivolva mbili za modeli moja, zilizokaa kabati moja dukani, zinaweza kutofautiana katika jambo hilohilo. Kwa hiyo kagua ile iliyo mkononi mwako. Sifa za ile uliyoiona kwenye video hazitakusaidia.

Tukisema kaliba kubwa, tunaanzia wapi?

Kaliba ni upana wa risasi, na namba kama .41 ni upana huo kwa sehemu ya inchi, kwa kukadiria. Wawindaji wengi wa hapa huanzia .41 Magnum kwenda juu. .357 Magnum, ambayo ni ya miaka ya 1930, ina nguvu lakini wengi hawaihesabu humu. Katika kundi lenyewe utakutana na .44 Special (1907), .44 Magnum, .45 Colt ambayo ni ya tangu enzi za 1873, .454 Casull, .480 Ruger (2001), na wakubwa wa mwisho, .460 na .500 za Smith & Wesson, zilizotoka 2005 na 2003.

Historia ya .44 Magnum inaihusu Idaho moja kwa moja. Elmer Keith, mfugaji na mwongozaji wa wawindaji aliyeishi Salmon, alitumia miaka mingi kujaza .44 Special baruti nyingi kuliko kiwanda kilivyokusudia, akaandika kuhusu matokeo yake, akawashinikiza Smith & Wesson na Remington watengeneze risasi ya namna hiyo rasmi. Katikati ya miaka ya 1950 ikatoka. Waliitengeneza ganda lake kuwa refu kidogo kuliko la .44 Special ili mtu asiweze kuiingiza kwenye rivolva ya zamani isiyoweza kuhimili mgandamizo wake, yaani nguvu ya gesi ya baruti ndani ya chumba. Kinyume chake kinawezekana: risasi ya .44 Special inaingia na kupiga vizuri ndani ya rivolva ya .44 Magnum. Shika jambo hilo, maana nusu ya ushauri wangu hapa chini unasimama juu yake.

Rivolva zipi ndizo za bei nafuu?

Ziko za aina mbili, na watu wanazichanganya.

Aina ya kwanza ni zile ambazo nyundo lazima uitege kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, kama za wachunga ng'ombe wa zamani. Viwanda vya Italia, Uberti na Pietta, hutengeneza nakala za Colt ya 1873, rivolva maarufu ya enzi hizo, na huuzwa hapa kati ya dola 450 na 700. Heritage nao wana za .45 Colt katika bei hiyo. Ruger Super Blackhawk ya .44 Magnum, iliyoanza 1959, iko juu kidogo, lakini ukiipata iliyotumika unaweza kulipa kati ya dola 600 na 800.

Aina ya pili ni zile ambazo ukivuta kifyatulio tu, nyundo inajitega na kupiga yenyewe, na silinda inachomoka pembeni ili kujaza risasi. Hapa Taurus kutoka Brazil ndiye bei nafuu anayejulikana: Model 44, Raging Bull na Raging Hunter, takriban kati ya dola 650 na 950. Mpinzani wake, Ruger Super Redhawk au Smith & Wesson 629, huanzia dola 1,100 na kupanda. Charter Arms Bulldog ya .44 Special, yenye risasi tano, unaipata kwa chini ya dola 500. Ni nyepesi na nzuri kubeba, ila haipokei .44 Magnum.

Lakini rahisi si ghali? Taurus ana jina baya.

Jina hilo lina sababu. Wanunuzi wa Marekani waliishitaki kampuni hiyo kuhusu usalama wa baadhi ya bastola zake, na mwaka 2015 ikakubali kulimaliza shauri kwa malipo. Lakini zile zilikuwa bastola za magazini, zinazobeba risasi kwenye kasha ndani ya mpini, hazikuwa rivolva. Malalamiko ya rivolva zake huwa ya namna nyingine: silinda isiyojipanga sawasawa, mtutu uliofungwa umepinda kidogo, kifyatulio kinachokwaruza. Mambo haya yanaonekana kwa macho na kusikika kwa vidole kabla hujalipa, na ndiyo maana swali la ukaguzi hapa chini ni refu kuliko yote.

Upande wa pili wa mizani, Taurus si kiwanda cha jana. Kilianza Porto Alegre mwaka 1939, na tawi lake la Marekani liko Bainbridge, Georgia. Raging Bull ina kikomeo cha silinda nyuma kama kawaida, na kingine mbele, kwenye mkono unaoshika silinda; kuifungua unabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Hicho cha mbele kimewekwa kwa sababu ya risasi nzito, ambazo teke lake hujaribu kuiondoa silinda mahali pake. Nimeshika rivolva za bei mara mbili yake ambazo hazina kitu kama hicho. Ukipata moja iliyopangwa vizuri, itakutumikia miaka.

Uliza dhamana kabla ya kulipa: je, inafuata bunduki au inamfuata mnunuzi wa kwanza tu? Nani analipa usafirishaji ikirudi kiwandani? Na nini kitatokea kama msimu wa kuwinda utaanza bado iko huko? Hili la tatu ndilo linalouma, kwa sababu foleni ya matengenezo inaweza kula miezi.

Nichague .44 Magnum, .45 Colt au .454 Casull?

Kwa mtu anayeanza, .44 Magnum, bila kusitasita. Unaanza na .44 Special, ambayo kikomo cha mgandamizo wake ni pauni 15,500 kwa inchi ya mraba, halafu unapanda taratibu hadi Magnum yenyewe, ambayo kikomo chake ni 36,000. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 15.6 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde. Kwa kulungu na nguruwe mwitu hiyo inatosha na kubaki.

.45 Colt ni nzuri sana, lakini ina mtego unaoweza kukuumiza vibaya. Kikomo chake rasmi ni 14,000 tu, kwa heshima ya bunduki za zamani. Lakini madukani utakuta maboksi ya .45 Colt yaliyojazwa kwa nguvu na kuandikwa kwamba ni kwa ajili ya Ruger na bunduki nyingine nzito peke yake. Risasi hizo zinaingia bila shida kwenye nakala ya Kiitaliano ya dola 500, na zinaweza kuipasua. Soma boksi, kila mara, hata ukiwa na haraka.

.454 Casull inapokea pia .45 Colt, kwa hiyo wengi huiona kama mbili kwa bei ya moja. Kikomo chake ni 65,000, kiwango cha bunduki ya kuwindia yenye mtutu mrefu. Katika rivolva za uzito uleule, teke lake ni karibu mara mbili ya lile la .44 Magnum. Kama hujawahi kupiga boksi zima la risasi za .44 ukabaki unataka jingine, usiinunue.

Kumbuka pia kwamba ukipiga sana risasi fupi kwenye chumba kirefu, pete ya masizi hujijenga ndani, pale ganda fupi linapoishia. Ukija kuweka risasi ndefu, inakwama au ganda linagoma kutoka. Brashi ya shaba na dakika chache baada ya kila zoezi zinamaliza shida hiyo.

Teke lake linaumiza kweli?

Linaumiza kama bunduki ni nyepesi na mpini haukutoshi. Rivolva ya .44 Magnum yenye uzito wa kilo moja na nusu na mtutu wa inchi saba na nusu inasukuma. Ileile kaliba kwenye bunduki ya kilo moja na mtutu wa inchi nne inapiga kiganja, hasa kwenye kifundo cha dole gumba. Watu hununua ndogo kwa sababu inabebeka, kisha wanaiacha ndani ya sanduku.

Mambo mawili ambayo mtu aliyezoea bastola ya magazini lazima ayaache. La kwanza, usinyooshe vidole gumba mbele sambamba na silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba unaotoa gesi ya moto na chembe za risasi kila unapopiga, na gesi hiyo inakata nyama. Kunja dole gumba juu ya lingine, nyuma ya silinda. La pili, usijaribu kuuzuia mtutu usiinuke. Shika kwa nguvu, viwiko vikunjwe kidogo, acha mikono ipande kisha irudi.

Kuhusu masikio: mlio wa .44 Magnum unapita desibeli 160, na kelele ya mpigo mmoja huanza kuharibu masikio karibu na 140. Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote kwa pamoja. Mitutu yenye matundu juu, kama ya Raging Bull, hupunguza kuinuka lakini humwaga mlio juu na pembeni. Chini ya paa la renji, jirani yako atakuchukia, na ana haki.

Risasi zinagharimu kiasi gani?

Hapa ndipo hesabu ya "nafuu" inapobadilika. Boksi la risasi 50 za .44 Magnum za kawaida ni dola 45 hadi 60. Za kuwindia huuzwa 20 kwa dola 35 hadi 50. .44 Special na .45 Colt si nafuu kama watu wanavyodhani, kwa sababu hazitengenezwi kwa wingi. Bei yake inakaribia ya Magnum. .454 ni dola mbili au zaidi kwa risasi moja. Linganisha na 9mm, ambayo boksi la 50 unalipata kwa dola 15 hivi.

Ukipiga boksi moja kwa mwezi, baada ya mwaka umelipa rivolva ya pili. Mwenye haraka ya kukopa ili anunue Ruger badala ya Taurus, naye afikirie: tofauti ya dola 400 ni maboksi saba au nane. Mtu aliyepiga maboksi nane kwa utulivu na Taurus nzuri atampita mbali yule mwenye Ruger mpya na boksi moja.

Wanaopiga sana huishia kujaza risasi wenyewe. Ganda la shaba la .44 lililonyooka linajazwa mara nyingi kabla ya kupasuka mdomo, na gharama inaweza kushuka hadi karibu theluthi au nusu ya bei ya dukani. Vifaa vya kuanzia ni dola 200 hadi 300. Fuata kitabu cha vipimo neno kwa neno, na usiguse risasi iliyojazwa na mtu usiyemjua, hata kama anakupa bure.

Nikifika dukani nikague nini?

Mwombe muuzaji ruhusa kwanza, na umwambie unachotaka kufanya. Fungua silinda, hakikisha wewe mwenyewe kwamba vyumba vyote ni vitupu, kisha mwonyeshe na yeye. Elekeza mtutu mahali salama muda wote. Beba tochi ndogo na vile vipande vyembamba vya bati ambavyo mafundi magari hutumia kupimia nafasi za valvu.

Anza na silinda kujipanga. Weka kidole pembeni ya silinda, iguse kidogo kama breki, kisha tega nyundo polepole sana. Unatakiwa usikie kikomeo kikiingia kwenye pengo lake, *tik*, kabla nyundo haijafika mwisho au inapofika. Kama nyundo imeshatega na silinda bado inaweza kusukumwa mbele kidogo ndipo ijifunge, iache. Rudia kwa kila chumba, maana mara nyingi vitano ni vizuri na cha sita kibovu, na muuzaji atakuonyesha vile vitano. Rivolva yenye kasoro hii, siku moja pini itapiga wakati chumba hakijakaa sawa na mtutu, na risasi itakwaruzwa inapoingia.

Nyundo ikiwa imetegwa, isukume mbele kwa dole gumba, kwa nguvu ya wastani, bila kugusa kifyatulio. Ikidondoka, rudisha bunduki kabatini na uondoke.

Sasa vuta kifyatulio, ukikishikilia nyuma huku nyundo imeshuka, tikisa silinda. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma kunatakiwa kuwe karibu na sifuri. Pima upenyo kati ya silinda na mtutu kwa vile vipande vya bati: milimita 0.15 ni nzuri, 0.2 inavumilika, ikipita 0.25 usichukue. Pima kwa zaidi ya chumba kimoja.

Washa tochi. Angalia mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingia ikitoka kwenye silinda. Tafuta ufa mwembamba, hasa upande wa chini. Angalia fremu juu ya upenyo: kamstari kalikoliwa na gesi ni kawaida kwa bunduki iliyotumika, shimo la kuingia ukucha si kawaida. Tazama bunduki kutoka nyuma, kilengeo cha mbele kisimame wima. Kikilala kulia au kushoto, mtutu umefungwa vibaya, na vilengeo vya nyuma huenda visitoshe kurekebisha.

Mwisho, sukuma fimbo ya kutolea maganda. Itembee laini na kurudi yenyewe. Kwa zile za kutega nyundo, zungusha silinda mlango wa kujazia ukiwa wazi, usikilize kama kila chumba kinasimama mbele ya mlango.

Ukaguzi wote unachukua dakika kumi. Muuzaji anayekataa usifanye hata mmoja anakueleza kitu kuhusu hiyo bunduki.

Na baada ya kununua, kuna jaribio lolote muhimu?

Liko moja ambalo wengi hawalijui. Kwenye bunduki yenye teke kali, vichwa vya risasi zilizobaki ndani ya silinda huweza kuchomoka polepole kutoka kwenye maganda yake. Kikichomoka cha kutosha, kinagusa fremu na silinda haizunguki tena. Jaza risasi zote, pima urefu wa moja kwa kalipa (kipimo cha fundi cha urefu mdogo), iweke alama ya wino, piga nyingine zote, kisha ipime tena. Kama imerefuka, boksi hilo si la kwenda nalo porini na bunduki hiyo. Fanya hivi kwa kila chapa mpya ya risasi.

Ruger iliyotumika au Taurus mpya?

Kwa bei ileile, Ruger iliyotumika, mradi imepita ukaguzi. Fremu zake ni nene na hazichoki haraka. Ukikutana na Blackhawk ya zamani, uliza ni ya kabla ya 1973 au baada. Za kabla hazina kile chuma kinachozuia nyundo isigonge pini bunduki ikianguka. Hubebwa na risasi tano, nyundo ikikaa juu ya chumba kitupu. Ruger huziwekea kifaa hicho bila malipo. Nakala nyingi za Colt ya 1873 nazo zibebe hivyohivyo, tano katika sita.

Vipi ile Taurus Judge inayopiga .45 Colt na risasi za shotigani?

Kwa kuwinda, hapana. Silinda yake ni ndefu mno, kichwa cha .45 kinaruka hewani kabla ya kukutana na mtutu, na usahihi unapungua. California ni haramu kabisa, maana sheria ya huko inaihesabu kama shotigani fupi.

Nataka ya kujikinga na dubu. Itanisaidia?

Inaweza, kama unaweza kuichomoa na kupiga shabaha ya ukubwa wa sahani kwa hatua kumi ndani ya sekunde chache. Wengi wetu hatuwezi. Ninawaomba mnunue kwanza kopo la pilipili la dubu, dola 40 hadi 50. Utafiti uliochapishwa 2008 na Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao, uliochambua matukio ya Alaska, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Haihitaji shabaha kali na haiui. Grizli, yule dubu wa kahawia wa huku kwetu, analindwa na sheria ya shirikisho. Kumuua nje ya kujiokoa ni kosa zito, na hata kama ulijiokoa lazima utoe taarifa.

Kama bado unataka bunduki, ibebe kifuani, kwenye mkoba unaopita juu ya mabega. Begi la mgongoni lina mkanda kiunoni unaofunika bunduki, na dubu hatasubiri uvue. Hifadhi za taifa kama Yellowstone zinaruhusu kubeba kwa kufuata sheria ya jimbo tangu Februari 2010, lakini kupiga risasi ndani yake hairuhusiwi.

Naweza kuwinda kulungu nayo?

Majimbo mengi yanaruhusu, kila moja kwa masharti yake ya kaliba na urefu wa mtutu, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka huu cha jimbo lako. Idaho, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye anatakiwa awe amepita mafunzo ya uwindaji au awe na leseni ya awali.

Umbali wako ni ule ambao unapiga risasi zako zote ndani ya sahani, umekaa, bila kukosa hata moja. Kwa wengi wenye vilengeo vya kawaida ni mita 40 hadi 50. Risasi ya .44 inaweza kuua mbali zaidi ya hapo, lakini mnyama aliyejeruhiwa na mtu aliyekadiria vibaya hufa taratibu kichakani, na hatuna ruhusa ya kumfanyia hivyo kiumbe.

Nina green card, au niko na viza tu. Naruhusiwa?

Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye green card. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna vighairi, kikiwemo cha leseni halali ya kuwinda. Asiye na hati haruhusiwi kabisa, hata kuishika renji. Dukani utajaza fomu 4473, utaandika namba yako ya uhamiaji, na jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi unaotumika tangu 1998. Umri kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21, na rivolva unanunua katika jimbo unaloishi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kaka na dada. Ndugu akikuomba umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye karatasi zake hazijakaa sawa, kataa. Ni kosa la jinai linaloweza kufika kifungo cha miaka 15, na kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini hata kama green card unayo. Kukataa si kumnyima undugu. Kama hujui uko kundi gani, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuingia dukani.

Nikirudi nyumbani naweza kwenda nayo?

Usipange hivyo. Kutoa silaha Marekani kuna taratibu zake, na Kenya au Tanzania hakuna anayeingia na bastola bila kibali kilichopatikana kabla. Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977, kwa hiyo rivolva ya kuwindia haina kazi huko.

Inafaa kulinda nyumba?

Si chaguo zuri. Risasi yake inapita kuta za bodi za nyumba zetu hapa kama hazipo na kuingia chumba cha watoto au kwa jirani, na mlio wake ndani ya ukumbi utakuacha husikii. Iwe ya kazi gani, ifungie ndani ya sefu, risasi mahali pengine, na funguo zisiwe mahali ambapo mtoto anapajua. Nyumba zetu huwa na wageni na watoto wa ndugu wanaolala wikiendi nzima. Hao nao wahesabu.

Nimeshanunua, nimepiga mara moja, sasa naiogopa. Niiuze?

Usiiuze bado. Weka Magnum pembeni, nunua boksi mbili za .44 Special zenye vichwa vya ledi tu, visivyovikwa shaba, na ubadilishe mpini kwa wa mpira unaofunika nyuma ya fremu. Kisha mwombe mwenzako akujazie silinda wewe ukiwa umegeuka: risasi mbili za kweli na maganda manne yaliyokwisha kupigwa, bila mpangilio. Piga zote sita polepole. Nyundo ikiangukia ganda tupu utaona wazi jinsi mtutu unavyozama mbele kabla ya mlio wowote kutokea. Huo ndio woga wenyewe, na mkono ukishauona huanza kuuacha. Fanya hivyo hadi mtutu ubaki umetulia kwenye maganda matupu, ndipo uchanganye Magnum moja kati ya zile Special mbili. Kama baada ya maboksi hayo mawili bado unafumba macho, iuze kabla ya msimu wa kuwinda, wakati wanunuzi bado wanatafuta na bei iko juu.